Tawi la chama cha wafanyakazi limelala kazini kwenu? Mwongozo kamili wa kulifufua, hatua kwa hatua

Maswali yanayokuja ni yaleyale. Watu wamechoka na ovataimu isiyolipwa, wanafungua grupu la WhatsApp, wiki ya pili wanaandika barua kali kwa uongozi, wiki ya tatu wawili wamehamishwa kituo na mmoja mkataba wake haukuongezwa, grupu kimyaaa. Halafu inasemwa chama hakina maana. Chama kina maana ndugu zangu, ila mnaanza na kelele kabla ya hesabu, na mwajiri akishajua hamna idadi hana sababu yoyote ya kukaa meza moja na nyinyi.

Kwahiyo hapa tunaenda kwa mpangilio. Ni kwa Tanzania Bara na zaidi kwa sekta binafsi: viwandani, hotelini, mashambani, migodini, kwenye kampuni za ulinzi, supamaketi. Zanzibar wana sheria zao. Watumishi wa umma mtatumia hatua za kujaza fomu, kuchagua viongozi na kusimamia pesa, lakini majadiliano yenu yana utaratibu wake kwenye sheria nyingine ya 2003.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 (Sura ya 366). Ipo mtandaoni bure. Namba za vifungu ninazotaja ni za toleo la 2019, ukiwa na toleo jingine angalia kichwa cha kifungu.
- Katiba ya chama chenu, yaani TUICO, CHODAWU, TPAWU, TAMICO, COTWU au chochote kinachohusu sekta yenu. Omba ofisi ya mkoa, ni haki ya mwanachama kuisoma.
- Fomu za TUF 6, hizi ndo za kumruhusu mwajiri akate ada ya chama. Chukua nyingi, nyingine zitaharibika.
- Kaunta buku moja ngumu. Usitumie kompyuta ya ofisi wala barua pepe ya ofisi, hata kwa jambo dogo.
- Slipu za mshahara za miezi mitatu za watu wachache wanaokubali kuzionyesha.
- Watu watano mpaka saba wa kuanza nao, kutoka idara na shifti tofauti.
- Namba ya simu ya ofisi ya chama mkoani na ya ofisi ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ya mkoa wenu.

Wakili huhitaji kwa sasa. Tisheti na bango pia hapana.

## Hatua ya 1: Jua tawi limelala au halijawahi kuwepo

Fungua slipu. Je, kuna makato ya chama? Yanakwenda chama gani? Halafu uliza wazee wa kazi: uchaguzi wa mwisho wa tawi ulikuwa lini, viongozi wangapi bado wapo kazini, kuna mkataba wa hali bora (makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri) uliowahi kusainiwa na unaisha lini?

Majibu yatakuweka kwenye moja ya hali tatu. Ya kwanza, makato yanaenda kila mwezi ila viongozi hawaonekani, hii ndo ya kawaida kabisa na ndo rahisi kuitibu maana idadi tayari mnayo. Ya pili, wanachama ni wachache waliobaki tangu zamani na waajiriwa wapya hawajui lolote. Ya tatu, hakuna kitu. Hali ya tatu mnaweza kuanza upya kabisa na chama mnachokitaka kilichosajiliwa.

Kuna wanaotaka kuanzisha chama chao wenyewe kwa hasira. Sheria inaruhusu, wafanyakazi 20 wanatosha kuunda chama na kuomba usajili kwa Msajili wa vyama hivi. Ila mimi nawashauri msianzie huko. Chama kipya kinataka katiba, ukaguzi wa hesabu kila mwaka, ofisi, na yote hayo yatakula nguvu ambayo ingeenda kuongea na wenzenu. Jaribuni kwanza kukichukua kile kilichopo kwa kura.

Hatua imekamilika ukiweza kusema kwa sentensi moja: "sisi tuna wanachama kadhaa, viongozi wa mwisho walichaguliwa mwaka fulani, mkataba upo au haupo."

## Hatua ya 2: Hesabu watu wote, mmoja mmoja

Hapa ndo wengi wanaruka, na hapa ndo wanashindwa.

Chora eneo lenu la kazi kwenye kaunta buku. Kila idara ukurasa wake, kila shifti safu yake. Andika kila mtu: jina, kazi, aina ya mkataba, ameingia chama au bado, na nani kati yenu anaelewana naye vizuri. Usiandike mambo binafsi ya mtu wala maneno aliyosema dhidi ya bosi, maana hilo daftari likipotea hutaki limuumize mtu yeyote.

Sababu ya kuhesabu ni hii. Chama kinapata haki ya kuwa wakala pekee wa majadiliano, yaani ndicho mwajiri anatakiwa kujadiliana nacho kwa niaba ya wote, pale kinapowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi husika (kifungu cha 67). Kundi husika ni wale ambao kwa haki mishahara na masharti yao yanaweza kujadiliwa pamoja, kwa mfano wafanyakazi wote wasio mameneja wa kiwanda fulani. Tuseme mko 180. Nusu ni 90, kwahiyo mnahitaji 91. Lakini usilenge 91, lenga 110 au zaidi, kwasababu watu wanaacha kazi, mikataba inaisha, na wengine watatishwa watajitoa. Mkienda na 92 mkononi, wakitoka wawili tu mmebaki 90 na haki yenyewe imeyeyuka.

Mambo mawili ya kuangalia sana:

Mameneja wa juu. Sheria haimruhusu mfanyakazi wa ngazi ya juu ya menejimenti kuwa kwenye chama kinachowakilisha wafanyakazi wa kawaida. Msiwaingize kwenye hesabu. Supavaiza wa kawaida asiye na mamlaka ya kutunga sera wala kusaini mikataba kwa niaba ya kampuni si meneja wa juu, hata kama anavaa koti jeupe, huyo ni mwenzenu.

Watu wa wakala. Siku hizi nusu ya watu kwenye geti moja wameajiriwa na kampuni ya wakala. Angalia nani amesaini mkataba na nani analipa mshahara. Fomu zao zinaenda kwa huyo wakala, na idadi yao inahesabiwa huko. Msiwachanganye kwenye hesabu moja halafu mkashangaa HR anakataa orodha nzima. Ila msiwaache pia! Mwajiri akiona waliojiunga ni wa kudumu tu, kila nafasi ikiwa wazi atajaza na mtu wa wakala, miaka mitatu mbele hamna tawi.

Ukimaliza ramani utaona wazi nguvu ipo wapi na wapi pamelala. Kama shifti ya usiku nzima haina mtu hata mmoja anayejua chama ni nini, hapo ndo pa kuanzia, sio kwa rafiki zako wa mchana.

## Hatua ya 3: Tengeneza kundi dogo, kisha nenda ofisi ya chama

Tafuta wale ambao wenzao huwafuata wakiwa na shida. Mara nyingi sio waongeaji. Ni yule mama wa pakingi ambaye kila mtu anamkopa na anamsikiliza, ni yule fundi mzee ambaye hata bosi anamuuliza mashine ikigoma. Mwongeaji sana mnamhitaji baadaye, mwanzoni anaweza kuwaunguza.

Kisha nendeni wawili au watatu ofisi ya chama ya mkoa, mkiwa na hesabu yenu. Mkienda kulalamika tu mtaambiwa "tutakuja". Mkienda mkisema "tuko 180, wanachama ni 34, tunataka fomu 150, tunataka mtu wenu aje tarehe hii saa sita mchana, na tunataka ratiba ya uchaguzi wa tawi", hiyo ni lugha nyingine kabisa. Andikeni barua, wapige muhuri nakala yenu.

Kwanini lazima chama na sio kamati yenu wenyewe? Kwasababu haki zote za kisheria amepewa *chama kilichosajiliwa*. Kamati iliyojichagua kwenye WhatsApp haina haki ya kukutana na mwajiri, na barua yake mwajiri anaweza kuiweka kwenye droo bila kuvunja sheria yoyote. Ila mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama ana haki ya kuingia eneo la kazi kuandikisha wanachama, kuongea nao na kufanya nao mikutano (kifungu cha 60). Mwajiri anaweza kuweka masharti ya maana ya muda na mahali ili kulinda usalama na kazi isisimame, lakini kufunga geti moja kwa moja hawezi.

## Hatua ya 4: Ongea na mtu mmoja mmoja, jaza fomu

Mkutano mkubwa unafurahisha lakini haujazi fomu. Fomu zinajazwa kwenye mazungumzo ya watu wawili, wakati wa chai, kwenye daladala, baada ya ibada, kwenye foleni ya kusubiri gari la shifti. Kila mmoja wenu apewe watu wake kumi kutoka kwenye ramani.

Namna ya kuongea. Sikiliza kwanza, kwa dhati. Uliza "nini hapa kazini kinakuumiza zaidi?" halafu nyamaza. Mwache amalize. Akishasema, muulize alishawahi kumwambia nani na ikawaje. Hapo mwenyewe ataona kwamba peke yake haiwezekani, wewe hujamhubiria kitu. Ndipo unatoa fomu.

Swali la pesa litakuja tu. Kwa vyama vingi ada ni asilimia 1 au 2 ya mshahara. Usizunguke, piga hesabu mbele yake: mshahara 400,000 kwa asilimia 2 ni 8,000 kwa mwezi, 96,000 kwa mwaka. Halafu mpigie hesabu nyingine. Saa moja ya kawaida kwa mshahara huohuo (400,000 gawa kwa 4.333 gawa kwa saa 45 za wiki) ni kama 2,050, na ovataimu sheria inataka isipungue mara moja na nusu, yaani kama 3,075 kwa saa. Akifanya saa 20 za ziada mwezi mmoja bila kulipwa kapoteza zaidi ya 61,000. Hapo anajua mwenyewe ipi ni hasara. Usimwahidi kwamba mshahara utapanda mara mbili, ukimdanganya leo mwakani atakuwa wa kwanza kujitoa.

Kuhusu hofu, mwambie ukweli. Sheria inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya chama, na kumfukuza mtu kwasababu ni mwanachama au anashiriki shughuli halali za chama ni kuachishwa kusiko halali (kifungu cha 37). Lakini sheria haimzuii mtu mbaya kujaribu. Kwahiyo kila tukio liandikwe tarehe, saa, nani alikuwepo. Aliyeachishwa ana siku 30 tu kupeleka lalamiko CMA kwa fomu ya CMA F1, na migogoro mingine ni siku 60. Watu wengi wanapoteza haki yao hapa, wanazunguka kwa HR kuomba wahurumiwe mpaka siku zinaisha. Unaweza kuendelea kuomba huku lalamiko limeshapokelewa.

TUF 6 ikijazwa, kila moja ipigwe picha au kutolewa kopi kabla ya kukabidhiwa, na mwajiri asaini kupokea. Ameshapokea anatakiwa kukata na kupeleka kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, akichelewa anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku. Makato ya 600,000 yakichelewa siku kumi deni limeongezeka 300,000. Wahasibu wengi hawalijui hili, wakumbushe kwa heshima kwa barua.

Usimjazie mtu fomu bila yeye. Usimlazimishe. Mtu anaruhusiwa kujitoa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama, na aliyeingizwa kwa nguvu atatoka na kumi wengine.

Dalili kwamba hatua hii imefanikiwa: slipu za mwezi unaofuata zinaonyesha makato kwa idadi ileile ya fomu mlizopeleka. Ikipungua hata moja, fuatilia wiki hiyohiyo.

## Hatua ya 5: Uchaguzi wa kweli

Wanachama kumi kwenye eneo moja wanatosha chama kufungua tawi. Wawakilishi idadi yao imewekwa na sheria kulingana na wanachama: mpaka 9 ni mwakilishi mmoja, 10 hadi 20 ni watatu, 21 hadi 100 ni kumi, zaidi ya 100 ni kumi na tano, na kati ya hao kumi na tano angalau watano wawe wa kuwakilisha wanawake kama wapo.

Tangazeni tarehe mapema, kwa shifti zote. Kura iwe ya siri. Ofisi ya mkoa isimamie kwa mujibu wa katiba ya chama. Nakuomba sana msiwe na "tumekubaliana tu fulani aendelee". Tawi lililolala mara nyingi lililala hivyohivyo, mwenyekiti mmoja miaka kumi, anaitwa ofisini kwa bosi peke yake anarudi anasema mambo yanashughulikiwa.

Ndo maana pigieni kura na kanuni mbili ndogo siku hiyohiyo: hakuna kiongozi anayekutana na mwajiri peke yake kwa niaba ya wanachama, na kila kikao na mwajiri muhtasari wake unabandikwa ndani ya siku tatu. Hizo mbili peke yake zitabadilisha tawi kuliko hotuba zote.

Vijana na wanawake wagombee. Kama asilimia kubwa ya watu wenu ni mabinti wa miaka ishirini na kitu halafu uongozi wote ni wanaume wanaokaribia kustaafu, masuala ya usafiri wa usiku, likizo ya uzazi ya siku 84 na kusumbuliwa na masupavaiza hayatafika mezani.

## Hatua ya 6: Shinda kitu kidogo kwanza

Msikimbilie mshahara. Chagueni jambo moja ambalo linawagusa wengi, sheria iko wazi, na mwajiri anaweza kulirekebisha ndani ya mwezi. Kwa mfano:

- slipu ya mshahara haitolewi
- mapumziko ya saa moja baada ya saa tano za kazi hayapo
- likizo ya siku 28 inakatwa katwa
- kazi ya usiku, saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, hailipwi nyongeza ya asilimia 5
- michango ya NSSF inakatwa kwenye slipu lakini ukiangalia taarifa yako ya mfuko haipo

Hiyo ya NSSF naipenda kuliko zote, kwasababu ushahidi kila mtu anao kwenye simu yake na hakuna mwajiri anayeweza kusimama mbele ya watu akaitetea.

Kusanyeni ushahidi wa watu wengi, wawakilishi watatu wapeleke barua, waombe kikao, waweke tarehe ya kujibiwa. Kufuatilia kama mwajiri anatii sheria za kazi ni kazi ya mwakilishi kabisa, na anapewa muda wa kutosha wenye malipo kuifanya, sio hisani. Mkikwama, Afisa Kazi wa wilaya au mkoa ana mamlaka ya kukagua.

Mkishinda, bandikeni tangazo likieleza nini kimebadilika na kuanzia lini. Yule aliyekuwa anasema "nitaangalia kwanza" atakuja mwenyewe kuomba fomu.

## Hatua ya 7: Omba kutambuliwa

Sasa idadi ipo na watu wana imani. Chama kinapeleka notisi kwa fomu maalum ya kutaka kutambuliwa kama wakala pekee wa majadiliano, mkiambatanisha ushahidi wa wanachama. Mwajiri anatakiwa akutane nanyi ndani ya siku 30 kufunga makubaliano ya kutambuliwa. Akikataa au akikaa kimya, mgogoro unapelekwa CMA kusuluhishwa, ikishindikana Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi inaamua.

Kwenye siku hizo 30 mtajaribiwa. Bosi ataanzisha "kamati ya wafanyakazi" yake, au atapandisha cheo mmoja wenu, au kutasambaa maneno kwamba kampuni itafungwa. Jibu ni kurudi kwenye ramani ya hatua ya 2 kila wiki na kuongea tena na kila mtu.

## Hatua ya 8: Mkataba wa hali bora

Kabla ya kukaa mezani pigeni kura za vipaumbele kwa karatasi: kila mwanachama aandike mambo matatu. Mtashangaa, mara nyingi usafiri na bima ya afya vinashinda mshahara.

Omba taarifa. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana, na pande zote zijadili kwa nia njema. Nendeni na hesabu ya bei za unga, kodi ya chumba na nauli za eneo lenu, sio maneno ya "maisha magumu".

Makubaliano lazima yawe ya maandishi na yasainiwe, yanafunga pale saini ya mwisho inapowekwa, na nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Yakishasainiwa na chama kinachotambuliwa yanawahusu hata wafanyakazi wa kundi hilo ambao si wanachama. Hapo ndo inakuja ada ya uwakala (kifungu cha 72): chama na mwajiri wanaweza kukubaliana kwamba asiye mwanachama naye akatwe, isizidi ada ya mwanachama. Pesa hiyo inakaa akaunti yake na ni ya kutetea maslahi ya wafanyakazi wa hapo tu, ni marufuku kuipeleka kwa chama cha siasa au kwa mgombea yeyote. Makubaliano ya kumlazimisha mtu awe mwanachama ili aajiriwe hayana nguvu kisheria.

Mgomo? Upo kisheria kwa mgogoro wa maslahi (mnapodai kitu kipya, sio haki ambayo tayari ipo kwenye sheria au mkataba), lakini ni mwisho wa njia: usuluhishi CMA kwa siku 30 umeshindikana, kura imepigwa kwa katiba ya chama na waliopiga wengi wamekubali, notisi ya saa 48 imetolewa. Huduma muhimu kama maji, umeme na afya zina vizuizi vyake. Mgomo wa ghafla wa asubuhi moja getini unampa mwajiri sababu safi ya kuwafukuza wale wazuri kuliko wote.

## Hatua ya 9: Onyesha pesa

Kila robo mwaka bandikeni ukurasa mmoja: tawi limepokea ngapi kutoka makao makuu, limetumia nini, limebaki na nini. Na hesabu za chama chenyewe huko juu mzidai pia. Chama kinatakiwa kukaguliwa hesabu na mpaka tarehe 31 Machi kiwe kimezipeleka kwenye mkutano wa wanachama au wawakilishi wao na kwa Msajili. Tumeni barua ya tawi ya kuomba nakala. Wanachama wengi hawajawahi kuiona, na mimi naamini kabisa hasira nyingi dhidi ya vyama vyetu zinatoka hapa, sio kwenye ukubwa wa ada.

## Hatua ya 10: Peleka sauti ya tawi kwenye siasa

Kuna maamuzi ambayo mwajiri wenu hana uwezo nayo. Kikokotoo cha pensheni ni mfano ulio hai. Kanuni za 2018 zilizoshusha malipo ya mkupuo (pesa ya mara moja unapostaafu) kutoka asilimia 50 mpaka 25 kwa watumishi wengi wa umma zilizua kilio, Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha, 2022 ikaja asilimia 33, na kwenye bajeti ya Juni 2024 ikapandishwa mpaka 40 kwa hao walioshushwa. Yaani ilibadilika kwasababu watu hawakunyamaza. Jiulizeni tawi lenu liliandika barua gani katika miaka yote ile.

Au angalieni mshahara. May Mosi 2025 pale Singida Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Wengi wa sekta binafsi wakadhani na wao wamo. Hapana, kima cha chini cha sekta binafsi kinakuja kwa amri ya mishahara baada ya bodi za mishahara za sekta, na kwenye bodi hizo wafanyakazi wana wawakilishi. Kwahiyo mahali pa kupeleka hesabu zenu za unga na nauli ni huko, kupitia chama chenu na TUCTA (shirikisho la vyama vya wafanyakazi), miezi kabla ya May Mosi.

Cha kufanya tawini ni hiki. Kila mwaka pitisheni maazimio matatu tu, yaandikwe, yapelekwe mkoani na yaombewe majibu kwa maandishi. Muswada wa kazi au wa hifadhi ya jamii ukipelekwa bungeni, kamati za Bunge hualika maoni ya wadau, tumeni ya kwenu. Wakati wa uchaguzi mpelekeeni kila mgombea ubunge wa jimbo lenu maswali yaleyale, wa chama chochote, mbandike majibu yote pamoja.

Na kiongozi wa tawi anayetaka kugombea kwa tiketi ya chama cha siasa akae pembeni kwanza kwenye uongozi. Kazini mna watu wa CCM, CHADEMA, ACT na wasio na chama, na wote wanakatwa asilimia ileile. Siku tawi likivaa rangi ya mmoja, wengine wanaanza kuomba fomu za kujitoa.

## Kulinda mlichopata

Idadi ikaguliwe kila miezi mitatu. Mwajiri akiona mmeshuka chini ya nusu anaruhusiwa kuwapa notisi, mna miezi mitatu kurudisha wingi, la sivyo anaondoa utambuzi.

Kila mwajiriwa mpya apate mtu wa kuongea naye ndani ya wiki yake ya kwanza, kabla hajaambiwa na wengine kwamba chama ni wezi. Pangeni zamu ya kazi hiyo kwa majina na muibandike.

Notisi ya miezi mitatu ikifika msifiche. Itisheni mkutano siku hiyohiyo, fungueni kaunta buku, gawaneni tena watu kumi kumi, na mpigie simu ofisi ya mkoa walete fomu kabla ya Ijumaa.